Kwa nini gauni hilo hulivai? Dalili, sababu na marekebisho

Gauni linalokaa kabatini miezi bila kuvaliwa mara nyingi si baya lote. Lina kasoro moja, ndogo, yenye mahali pake: pindo linalopanda, vifungo vinavyoachana, kitambaa kinachonata miguuni, harufu inayorudi mara tu mwili unapopata joto. Kwa kuwa kasoro hiyo haijatambuliwa, mwenye gauni huishia kusema "halinikai", hulirudisha kwenye henga na kuanza kuwaza jipya. Hapa tunakwenda njia nyingine: tunaanza na dalili, tunatafuta sababu, kisha tunarekebisha hicho kimoja kinachokuzuia kulivaa.

Kwanza, jaribio la saa moja

Chagua gauni ambalo hujalivaa kwa muda mrefu. Livae ukiwa nyumbani, pamoja na sidiria, shimizi na viatu ambavyo ungevaa nalo ukitoka. Kisha endelea na shughuli zako kwa saa moja: keti, inama uokote kitu, nyoosha mkono kwenye rafu ya juu, panda ngazi kama ipo, beba mkoba begani. Usikae mbele ya kioo. Kioo kinakuonyesha gauni likiwa limetulia, na magauni mengi hushindwa pale mwili unapojongea.

Unachochunguza ni mkono wako. Mkono huenda wenyewe penye kasoro: utavuta pindo chini, utapandisha shingo, utabandua kitambaa mapajani, utakuna mgongo karibu na lebo. Pale unaporudi mara ya pili na ya tatu ndipo penye tatizo. Andika kwenye kijikaratasi, kibane kwenye henga kwa pini, halafu tafuta dalili inayofanana hapa chini. Na ikiwa saa imekwisha mkono haujaenda popote, gauni halina kasoro ya mshono. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusu gauni la shughuli moja, kupiga pasi na kabati.

Ukinyanyua mkono, gauni zima linapanda

Dalili hii hueleweka vibaya kuliko zote. Mtu hudhani kwapa limebana, humwambia fundi alipanue, na gauni linazidi kuharibika. Kwapa lililokatwa chini sana huufunga mkono na ubavu wa gauni pamoja, kwa hiyo mkono ukipanda, ubavu wote unafuata. Kwapa lililo juu, karibu na mwili, huuacha mkono uende peke yake.

Kwa hiyo pima kwanza. Simama mikono ikiwa chini, uingize vidole viwili kati ya kwapa lako na mshono. Vikiingia kwa shida na ngozi ikaumia, kweli pamebana. Vikiingia na bado kitambaa kikabaki kinaning'inia, tatizo ni kina. Gauni lenye mikono lina tiba inayofaa hali zote mbili: kipande kidogo cha kitambaa chenye umbo la almasi, kishonewe pale mshono wa mkono unapokutana na mshono wa ubavu. Kinauongezea mkono nafasi unapopanda, na unaposhuka kinajificha chini ya kwapa. Kitambaa chake unaweza kukipata kwenye pindo lenye ziada au kwenye mkanda wa gauni lenyewe.

Gauni lisilo na mikono ni rahisi zaidi. Ukipunguza mshono wa bega kwa sentimita 1 tu, kwapa na shingo vyote vinapanda. Marekebisho haya madogo yanatibu pia shingo inayofunguka ukiinama, na ni ya kwanza ninayoyapendekeza kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kifua kinabana au vifungo vinaachana

Tenganisha mambo mawili. Ikiwa kitambaa kimetulia na ni upenyo tu unaofunguka kati ya kifungo na kifungo, vifungo vimeachana mno. Shonea kifungo cha kubana, kile cha pande mbili kisichoonekana kwa nje, katikati ya kila nafasi inayofunguka. Ikiwa gauni linaingia kwa kichwani bila kufungua vifungo, fanya jambo bora zaidi: shona sehemu yote ya mbele ifungwe kabisa, vifungo vibaki pambo.

Ikiwa kitambaa chenyewe kinavutika na mistari inatokea kutoka kifuani kuelekea kwapani, gauni ni dogo. Ligeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Hapo utaona kitambaa kilichobaki baada ya mshono, na hicho ndicho akiba yako. Hesabu yake ni nzuri kuliko inavyoonekana: mishono ya ubavuni ni miwili, kila mmoja una kingo mbili, hivyo ukiachia sentimita 1 katika kila ukingo unapata sentimita 4 kuzunguka mwili. Magauni yaliyoshonwa na fundi kwa mteja mmoja kwa kawaida huachiwa akiba kubwa kuliko ya kiwandani.

Kabla hujafumua, jaribu sehemu ndogo chini, karibu na pindo. Hariri na mahameli hubaki na matundu ya sindano ya mshono wa zamani, na kitambaa kilichopauka hufunua ukanda wenye rangi iliyokolea pale palipokuwa pamefichwa. Ukiona hivyo, badala ya kuachia mshono, ongeza ukanda wa kitambaa tofauti kuanzia kwapani hadi kiunoni, na uufanye uonekane kuwa ni wa makusudi: rangi moja na mkanda, au rangi moja na ukingo wa shingo.

Mabega ni habari nyingine. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiwa ndani ya hapo kwa kiasi kikubwa, fundi hana kitambaa cha kuongeza. Ukiwa umevuka, marekebisho yanawezekana lakini mkono wote lazima ung'olewe na kushonwa upya, kazi ambayo ninaishauri kwa gauni unalolipenda sana tu.

Kiuno cha gauni hakikai kiunoni mwako

Kiuno kikiwa kipana, ondoa ziada kwa mikunjo miwili ya kushonewa mgongoni, au pitisha lastiki nyembamba ndani ya mshono wa kiuno kwa upande wa nyuma pekee. Mbele pabaki pamenyooka. Mkanda husaidia, lakini usiutegemee kuficha kitambaa kingi. Mkanda hukikusanya kwenye mafungu, na baada ya nusu saa mkono wako utarudi palepale kuyapanga.

Kiuno kikiwa juu mno, hasa kwa wenye kiwiliwili kirefu, fundi anaweza kufumua mshono huo na kuingiza ukanda wa kitambaa wenye upana wa sentimita 3 hadi 5 kati ya juu na chini. Hutaki kukata? Vaa sweta fupi au shati lililofungwa fundo juu yake. Mshono unafichwa na gauni linaonekana kama sketi.

Urefu unakusumbua

Fupi mno: tazama ndani ya pindo. Sentimita 4 zilizokunjwa zinaweza kukupa 3 zaidi ukikunja upya kwa upindo mwembamba. Alama ya pindo la zamani hupungua kwa mvuke wa pasi na kitambaa chenye siki nyeupe kidogo iliyochanganywa na maji, ijaribiwe kwanza mahali palipofichika. Isipotoka, ifunike kwa utepe au lesi. Au vaa shimizi yenye lesi chini, ndefu kuliko gauni, au suruali nyembamba.

Refu mno: punguza, lakini ukiwa umevaa viatu vyake na fundi akipima kutoka sakafuni kwenda juu, kwa kuwa kitambaa hupanda makalioni na tumboni. Gauni lililokatwa kimshazari, lile ambalo sketi yake hujimwaga na kuvutika, litundikwe siku nzima kabla ya kukatwa pindo. Kitambaa cha namna hiyo hushuka kwa uzito wake, tena kwa viwango tofauti upande na upande, na ukilikata mapema litapinda baadaye.

Linanata miguuni, linapanda unapotembea

Hapa sababu ni umeme tuli unaozaliwa vitambaa viwili vinaposuguana kwenye hewa kavu. Poliesta na nailoni huathirika zaidi kwa sababu hazishiki unyevu mwingi: poliesta hunyonya chini ya asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pamba hufika karibu asilimia 8. Unyevu ndio unaousaidia umeme huo kuondoka. Basi usivae shimizi ya nailoni chini ya gauni la poliesta ukategemea nafuu. Vaa ya pamba au ya viskosi, kitambaa laini kinachotokana na mbao. Paka mafuta au losheni miguuni. Ukiwa na haraka, pitisha henga ya chuma ndani ya gauni, kutoka juu hadi chini, kabla ya kulivaa.

Kama linapanda hata siku ya mvua, umeme hauhusiki. Makalio yamebana, na kitambaa kinakwenda kutafuta sehemu nyembamba zaidi, yaani juu. Achia mishono ya ubavuni kuanzia kiunoni kushuka.

Kwa gauni linaloonyesha mwili, shimizi nyeupe chini ya gauni jeupe ni kosa, weupe huonekana. Chagua rangi inayokaribia ngozi yako. Na kama gauni unalipenda, mpe fundi alitie bitana ya kudumu sehemu ya sketi pekee.

Limefuliwa, bado linanuka

Jasho lenyewe halina harufu kubwa. Harufu hutengenezwa na bakteria wanaokula jasho na mafuta ya ngozi, na poliesta huyang'ang'ania mafuta hayo hata baada ya kufuliwa. Ndiyo maana gauni linatoka kwenye kamba likiwa safi, lakini dakika kumi baada ya kulivaa harufu imerudi. Kulifua tena kwa njia ileile hakutabadilisha kitu.

Loweka makwapa ya gauni kwenye maji ya baridi yaliyotiwa siki nyeupe, kikombe kimoja kwa lita 4 hivi, kwa nusu saa. Suuza. Kisha paka sabuni ya maji moja kwa moja upande wa ndani, sugua taratibu, uache dakika chache kabla ya kufua. Achana na dawa ya kulainisha nguo kwa magauni haya. Huacha utando juu ya nyuzi, na mafuta hujificha humo. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Doa la njano kwapani ni jambo tofauti. Mara nyingi linatokana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho zikichanganyika na jasho lenyewe. Klorini hulizidisha. Loweka kwa siki kama hapo juu, na kuanzia sasa acha dawa ikauke kabisa kwenye ngozi kabla hujavaa. Kwa magauni yako ya thamani, shonea ndani ya kwapa kitambaa kidogo cha pamba kinachoweza kutolewa na kufuliwa peke yake. Mafundi wa zamani walifanya hivyo na ni hasara kwamba tumeacha.

Madoa mengine, kwa ufupi: damu kwa maji ya baridi tu, kwani joto huigandisha kwenye nyuzi, mafuta ya chakula kwa sabuni ya maji ya vyombo kabla hujalowesha nguo, alama nyeupe za dawa ya kwapa kwa kusugua na soksi kavu, bila maji. Usipige pasi juu ya doa lolote ambalo bado halijatoka.

Limepauka, limetoa vinundu au limelegea

Kupauka kunaletwa na jua, msuguano na sabuni kali. Geuza gauni ndani nje kabla ya kulifua na kabla ya kulianika, na liweke kivulini. Kulowesha nguo kwenye maji ya chumvi ili rangi isitoke ni imani iliyoenea sana, lakini chumvi haifungi rangi ya nguo ambayo tayari imetoka kiwandani. Maji ya baridi na kufua peke yake mara za mwanzo ndiyo kinga.

Ikiwa limeshapauka, pamba, kitani na viskosi hupokea rangi ya kutia nyumbani bila shida. Unaweza tu kwenda kwenye rangi iliyokolea zaidi. Zingatia uzi: magauni mengi ya pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta, nao hautashika rangi hiyo, hivyo mishono itabaki na rangi ya zamani. Kwenye gauni jeusi lenye mishono ya kahawia huwa pambo. Kwenye la hariri la bluu lenye mishono ya waridi sidhani kama utaridhika. Na madoa yaliyokuwepo yataendelea kuonekana chini ya rangi mpya.

Vinundu vidogo vya nyuzi hukuonyesha mahali msuguano ulipo. Viko nyonga ya upande mmoja? Ni mkoba. Vimekatiza kifua kwa mshazari? Ni mkanda wa gari. Vinyoe kwa mashine ndogo ya kunyolea nguo, gauni likiwa limetandazwa mezani, kisha badilisha upande wa kubebea mkoba.

Gauni la kitambaa kinachovutika likilegea, mara nyingi limeharibiwa na henga. Uzito wake mwenyewe unalivuta chini mchana na usiku. Likunje. Likilowa, likaushe likiwa limelazwa. Nyuzi za elasteni zinazolipa uwezo wa kurudi haziwezi joto wala klorini, kwa hiyo pasi ya moto inayafupisha maisha yake. Viskosi nayo ina udhaifu wake: ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kwa hiyo usiisokote kuikamua. Izungushie taulo, ubonyeze.

Lebo ya ndani ingekuambia mengi ya hayo, kama usingekuwa umeikata kwa kuwa inawasha. Nukta zilizo ndani ya mchoro wa pasi ni kipimo cha joto: moja ni hadi nyuzi 110 za selsiasi, mbili 150, tatu 200. Beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono. Pembetatu inahusu dawa za kung'arisha, na mchoro wowote uliokatwa msalaba ni katazo. Ukiikata lebo, ipige picha kwanza.

Zipu

Ikikwama, sugua meno yake kwa ncha ya penseli ya risasi au kwa kipande cha mshumaa, uipandishe na kuishusha taratibu. Ikifunga kisha ikaachia nyuma, meno hayana kosa. Kichwa cha zipu kimetanuka. Kiminye kidogo pande zote mbili kwa koleo, kidogo sana, ujaribu. Zipu iliyofichwa hukatikia kiunoni, pale mshono mnene unapokutana nayo. Unapobadilisha, mwambie fundi apunguze unene wa mshono huo kwanza, la sivyo mpya nayo itafia palepale.

Lina shughuli moja tu

Gauni la harusi ya ndugu, lililovaliwa mara moja. Hapa mshono hauna kosa. Tafuta kinacholifanya liwe la sherehe: ni mng'ao, ni urefu, ni mapambo, ni umbo la kukaza? Mara nyingi ni kimoja au viwili, na hivyo ndivyo unavyovituliza.

Mng'ao hutulizwa na kitu kisichong'aa. Gauni la satini likivaliwa na sweta nzito ya pamba na raba nyeupe huenda sokoni, ofisini, safarini. Urefu hutulizwa na viatu bapa, au kwa kulikata lifike magotini. Ikiwa gauni la kufika sakafuni halijavaliwa tena tangu siku ile, mkasi hauna cha kukupotezea. Mapambo yaliyoshonewa kwa mkono hufumuliwa. Umbo la kukaza hulegezwa kwa kuvaa juu yake shati pana la jinzi, vifungo wazi.

Upande wa pili, gauni la kila siku unaliona halina hadhi ya kutokea. Badilisha vifungo. Sijui marekebisho mengine yenye faida kubwa kwa kazi ndogo namna hii: vifungo vya plastiki vyembamba vikiondoka na vya chaza, mbao au chuma vikaingia, gauni linapanda daraja. Pima tundu la kifungo kabla ya kununua.

Kisha uone gauni kama nguo zaidi ya moja. Lenye kamba mabegani huvaliwa juu ya shati au fulana ya mikono mirefu. Lenye vifungo vya mbele hadi chini ni koti jepesi likiachwa wazi juu ya suruali. Lolote lenye sketi nzuri ni sketi, mradi juu yake uvae sweta inayoishia kiunoni. Kwa hiyo unapohisi hamu ya gauni jipya, chunguza kama unachokosa si hicho cha juu: sweta fupi moja ya rangi tulivu huweza kuamsha magauni matano.

Baridi na joto huingia hapahapa. Fulana nyembamba ya sufu au pamba chini ya gauni, taiti nene, soksi na buti: gauni la kiangazi linavuka majira. Kinachozuia mara nyingi ni mikono mipana isiyoingia kwenye koti; kwa magauni hayo tumia vazi la juu lisilo na mikono, au shali.

Halina mfuko

Ni sababu halali kabisa. Simu mkononi siku nzima inachosha. Fundi anaweza kuingiza mfuko kwenye mshono wa ubavuni kwa muda mfupi, ikiwa sketi ina nafasi makalioni. Kwenye sketi iliyobana mfuko utavimba, kwa hiyo acha.

Mwili umebadilika

Baada ya ujauzito, ugonjwa, umri, au bila sababu yoyote ya kueleza. Usijilazimishe kusubiri mwili wa zamani urudi ndipo uvae vizuri. Tenga magauni ya kufunga kwa kujizungushia, ya aina ambayo mbunifu wa mavazi Diane von Furstenberg aliipa umaarufu mwaka 1974. Hayo yanafuata mwili unavyobadilika bila fundi. Tenga pia yale ya kiuno kilicho chini ya kifua na ya kitambaa kinachovutika. Kwa anayenyonyesha, zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono ya mbele hufanya gauni la kawaida litumike, na zinaweza kuondolewa baadaye. Yaliyobaki yaachie mishono au yape nafasi nje ya macho yako, kwenye sanduku, ili usianze kila asubuhi kwa kuyatazama.

Linahitaji pasi kila mara

Basi tatizo ni asubuhi. Kitani na pamba hunyooka kirahisi zikiwa na unyevu bado, kwa hiyo piga pasi unapoyatoa kwenye kamba, hata kama huyavai wiki hiyo, na uyatundike yasibanane. Kwa viskosi na poliesta, mvuke wa bafuni baada ya kuoga kwa maji ya moto hutosha mara nyingi. Na kitani kilichokunjika kidogo ni kitani kinachoonekana kitani. Mbona watu wanakionea aibu?

Liko sawa, ila hulikumbuki

Geuza henga zote, ndoana zielekee upande mmoja usio wa kawaida. Kila gauni unalovaa lirudi kwa upande wa kawaida. Baada ya majira mamoja utaona wazi yaliyosahaulika. Usiyaondoe bado, yapitishe kwenye jaribio la saa moja.

Halafu liweke gauni pamoja na vinavyolikamilisha. Gauni lililotengana na shimizi yake, mkanda wake au sidiria isiyo na kamba haliwezi kuvaliwa asubuhi ya haraka. Vitundike kwenye henga ileile, ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa. Na magauni yanayosubiri kushonwa yasirudi kabatini kamwe. Yaache kwenye mfuko ulio mlangoni, yenye kijikaratasi chake, hadi yafike kwa fundi.

Kwa fundi, usiseme "nirekebishie". Livae, bana kwa pini pale unapotaka, vaa viatu vyake, keti mbele yake na unyanyue mikono. Mwonyeshe mahali mkono wako unapokwenda.

Lisilotengenezeka

Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili na ukivute kwa nguvu ya wastani karibu na kwapa na makalioni. Kikiachia au nyuzi zikitengana, kimechoka, na mshono wowote mpya utachanika pembeni yake. Mabega yaliyo membamba mno nayo huwa ndiyo mwisho wa safari kwako, ingawa si kwa mwenye mabega madogo. Mpe, umwambie na kasoro nyingine ulizoziona ili asizigundue akiwa njiani. Lililochoka kabisa livue vifungo, zipu na lesi kabla ya kuwa kitambaa cha kupangusia, na ukate mraba mmoja wa sehemu nzima uweke kwenye kasha la sindano, kwa kiraka cha gauni linalofuata.